Spatoli, mti wa Waskoti wa kukorogea uji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayekiona hiki kijiti jikoni kwangu anauliza yale yale, na wengine mnauliza mara mbili mbili. Basi nimeyaweka yote pamoja, tunaanza na ya msingi, yale ya watu wenye mambo yao yako mwishoni. Pale jibu linapogusa swali lingine nitakuelekeza huko ili nisirudie.

## Ya mwanzo kabisa

Spatoli ni nini hasa?

Ni mti mwembamba wa mviringo, urefu wake mara nyingi sentimita 25 mpaka 30, unene kama wa kidole gumba, ambao Waskoti wanakorogea uji wa oti (nafaka ya nchi za baridi, kwa Kiingereza oats). Hauna bakuli kama kijiko wala ubapa kama mwiko, ni mti mnyoofu tu uliokerezwa ukalainishwa, chini ni butu na juu mara nyingi pamechongwa kifundo ili usiteleze mkononi. Kifundo kinachopendwa ni chenye umbo la ua la mbaruti, ule mmea wa miiba wenye ua la zambarau, maana huo ndo nembo ya Uskoti.

Kwenye maduka imeandikwa spurtle, kwahiyo ukitafuta mtandaoni andika hivyo.

Kwani huu si mwiko tu jamani?

Hapana, na hili ndo swali namba moja kwa wote wanaouliza. Mwiko ni bapa kwasababu kazi yake ni kusonga, ugali unataka ubao wa kugeuza, kukandamiza na kukusanya. Uji hausongwi, uji unakorogwa, na kwenye kukoroga ule ubapa unageuka kuwa kikwazo (nimeeleza sababu kwenye swali la kijiko hapo chini). Ukitaka ndugu yake wa karibu jikoni kwetu mimi ningesema upekecho, ila upekecho unauzungusha kwa viganja viwili na kichwa chake kina vipande vya kuchanganyia, spatoli unaishika kwa mkono mmoja na haina kitu chochote chini.

Kwanini nisikoroge tu na kijiko?

Unaweza, watu wengi hata huko Uskoti wanafanya hivyo na uji unaiva. Ila angalia kinachotokea ndani ya sufuria. Kijiko kina uso mpana, ukikisukuma kinasukuma uji mbele yake kama wimbi na nyuma yake kinaacha sehemu iliyotulia, uji unazunguka wote kwa pamoja badala ya kuchanganyika, alafu lile bakuli la kijiko linajaa uji mzito unaokaa humo humo unazunguka nao. Pale palipotulia ndo madonge yanapojitengeneza.

Donge lenyewe lina hila yake. Unga mkavu ukikutana na maji ya moto, wanga wa nje unavimba na kuwa kama gundi, ile gundi inafunga na ndani unabaki unga mkavu ambao maji hayafiki tena hata uchemshe vipi. Ukilipasua na jino unalisikia, ndani bado ni vumbi. Sasa ule mti wa mviringo unapita katikati ya uji bila kuusukuma, unaukata, na kila ukipita unapasua madonge yakiwa bado machanga kabla hayajafunga. Ncha yake pia inaingia kwenye ile kona ambapo ukuta wa sufuria unakutana na kitako, kijiko kinaparuka pale, na pale ndo uji unapoanza kushika.

Faida nyingine ndogo: uji haugandi sana kwenye mti. Unaigonga mara moja ukingoni mwa sufuria umemaliza.

Ilianza lini?

Vifaa vya jina hili vinajulikana Uskoti tangu karne ya 15, ila cha zamani hakikuwa mti wa mviringo. Kilikuwa kitu bapa, kazi yake kugeuzia mikate bapa ya oti ikiwa juu ya chuma cha moto, yaani pale ambapo sisi tungegeuza chapati. Baadae jina likahamia pia kwenye mti wa kukorogea uji na supu, umbo likawa la mviringo, na huo ndo karibu kila mtu anaujua leo. Maeneo mengine ya Uskoti mti huo huo una jina lingine, theevil, wazee bado wanalitumia, kwahiyo usishangae ukilisikia.

Kwanini Uskoti na oti kila saa? Hawakuwa na nafaka nyingine?

Hali ya hewa. Ngano inataka jua na kiangazi kinachoeleweka, Uskoti sehemu kubwa ni baridi na mvua, na oti inavumilia hayo yote pamoja na udongo ambao sio mzuri sana. Walikuwa na shayiri pia, ila oti ndo ilibeba nyumba. Ikivunwa inakuwa bado na unyevu kwahiyo inakaushwa kwa moto kwenye tanuri kabla ya kusagwa, na ule ukaushaji ndo unaipa oti ya Uskoti ladha kama ya karanga iliyokaangwa, ukifungua mfuko harufu inakufikia.

Na haikuwa chakula cha asubuhi tu. Vibarua wa mashambani kaskazini mashariki mwa nchi walilipwa sehemu ya mshahara kwa unga wa oti. Vyuo vikuu vya zamani vilikuwa na siku ya mapumziko iliyoitwa Meal Monday, mwanafunzi anarudi kwao kuchukua gunia lingine la unga la kumvusha muhula. Mtu aliyesoma kwa kubeba unga kutoka nyumbani analielewa hili bila kuelezwa.

Oti ndo shayiri?

Sio. Ni nafaka mbili tofauti kabisa, ingawa kwenye pakiti na kwenye tafsiri nyingi zinachanganywa. Ukinunua shayiri ukategemea uji wa Kiskoti utasubiri sana.

## Kupika nayo

Napikaje uji wa Kiskoti kwa spatoli, hatua kwa hatua?

Kwanza oti yenyewe. Inayotakiwa sio ile ya bapa ya kwenye boksi, ni chenga, yaani punje zilizokatwa au kusagwa kwa jiwe. Kuna chenga kubwa ambazo ni punje iliyokatwa vipande viwili vitatu tu, kuna za wastani, na kuna unga laini. Anza na za wastani.

Watu watatu au wanne: maji vikombe 4, chenga kikombe 1, chumvi nusu kijiko cha chai. Maji yachemke kabisa, yaani yanatokota, sio yanatoa mvuke tu. Hapo chukua chenga kwa mkono wa kushoto na spatoli mkono wa kulia, zidondoshe toka kwenye vidole kama mvua ndogo, mfululizo, huku mkono wa kulia hausimami hata kidogo. Usimwage kwa mkupuo. Kwa sisi tuliofundishwa kukorogea unga kwenye maji baridi kwanza hapa mkono unasita, ila chenga sio unga, kila punje inajitegemea, na ikidondoka peke yake kwenye maji yanayotokota huku mti unapita haipati mwenzake wa kushikana nae.

Zikiisha zote punguza moto uwe mdogo kabisa. Dakika tano za kwanza koroga mfululizo maana ndo wakati unaanza kuwa mzito. Baada ya hapo funika na uwe unarudi kukoroga kila baada ya muda mfupi, jumla dakika 20 mpaka 30. Utajua umefika kwa kuangalia mti: mwanzoni uji unateleza wote kwenye spatoli ukiinyanyua, ukiiva unaacha utando mzito laini unaong'aa unaoshuka taratibu, na chenga ukiionja ina kautafuno kidogo ila haina unga katikati. Chumvi weka kuelekea mwisho, wapishi wengi wa zamani walisisitiza hivyo wakisema ikiwekwa mapema chenga zinakuwa ngumu.

Chenga kubwa zinataka kulowekwa usiku kucha, bila hivyo utakaa jikoni karibu saa nzima.

Lazima nikoroge kuelekea kulia?

Kimila ndio. Unakoroga kwa mkono wa kulia na kufuata mwelekeo wa saa, kwasababu huko kaskazini jua likipita angani linaonekana linazunguka hivyo, na Waskoti wa zamani kila jambo la heri walilifanya kwa kufuata jua, hata kuzunguka nyumba au kisima. Kukoroga kinyume ilikuwa ni kumwita shetani kwenye chakula.

Kwa upande wa uji wenyewe hakuna tofauti, wanga haujui kulia wala kushoto. Mimi nakoroga kulia. Ni mila ya watu waliotupa hiki kifaa na haigharimu chochote kuiheshimu.

Chumvi?! Uji na chumvi?

Ndio, chumvi, na wenyewe wanalisimamia hili. Uji wa asili wa Kiskoti ni oti, maji na chumvi basi. Sukari, asali, matunda ni mambo ya baadae na siku hizi watu wengi Uskoti wanatia, hakuna atakayekufukuza mezani. Ila naomba sana, kabla hujatia sukari onja mara moja ule wa chumvi ukiwa umeukoroga vizuri, maana chumvi inaamsha ile ladha ya karanga niliyoitaja na sukari inaifunika. Wengi wanaosema uji wa oti hauna ladha hawajawahi kuonja oti, wameonja maziwa na sukari.

Na maziwa naweka saa ngapi?

Sio kwenye sufuria. Utaratibu wa zamani ni mzuri mno na nashangaa haukuenea dunia nzima: uji unakuwa kwenye bakuli lako, maziwa baridi au krimu yanakuwa kwenye bakuli dogo pembeni. Unachota uji na kijiko, unakichovya kwenye maziwa, unakula. Kwahiyo uji unabaki wa moto mpaka mwisho na maziwa yanabaki baridi mpaka mwisho, na kila kijiko kina vyote viwili. Zamani vijiko vilikuwa vya pembe na mabakuli ya mbao ambavyo havichomi mdomo wala mkono.

Kuna pia ile ya kula uji umesimama. Utawasikia wakiisema na wapo wanaoifanya, sababu zinazotolewa ni nyingi na kila mzee ana ya kwake.

Natumia zile oti bapa za dakika tatu, spatoli ina maana?

Kidogo. Zile zimepikwa kwa mvuke na kubanwa na mitambo mpaka zikawa bapa, ndo maana zinaiva haraka, na hazileti madonge kirahisi, shida yake ni kugeuka rojorojo. Spatoli bado itakusaidia kwa kuwa haizipondi sana kama kijiko. Ila ukisema umenunua spatoli hujaona tofauti, na unapika oti bapa, basi badilisha oti kwanza.

Uji umeshika chini, nakwangua na spatoli?

Usikwangue kabisa. Ule ukoko ukiuchokonoa harufu ya kuungua inaingia uji mzima. Hamishia uji wa juu kwenye sufuria nyingine taratibu, uongeze maji ya moto kidogo, uendelee. Na mara nyingine punguza moto mapema zaidi, spatoli inazuia madonge ila haina dawa ya moto mkali.

Nini kingine naweza kukorogea?

Supu, mchuzi, maharage, sosi nyeupe ya unga na maziwa (hapa ni hodari sana kwa sababu ile ile ya donge). Waskoti wana pia chakula kinaitwa brose, unamwaga maji ya moto juu ya unga wa oti kwenye bakuli na kukoroga hapo hapo bila kupika, vibarua wa mashambani walikuwa wanakula hiyo kwasababu haina kazi. Kwa uji wa kwetu tazama maswali ya mwisho.

## Mashindano na siku ya uji

Ni kweli kuna mashindano ya dunia ya kupika uji?

Kweli kabisa na sio utani, watu wanatoka nchi za mbali kwenda kushindana. Yanafanyika kila mwaka mwezi wa 10 kwenye kijiji cha Carrbridge, kwenye nyanda za juu za Uskoti, tangu mwaka 1994. Zawadi ya bingwa inaitwa Golden Spurtle, yaani spatoli ya dhahabu, na jina la zawadi limekuwa ndo jina la mashindano.

Kijiji chenyewe ni kidogo, kinajulikana pia kwa daraja la mawe la mwaka 1717 ambalo limebaki tao tupu jembamba juu ya mto, watu walilijenga ili waweze kuvusha maiti kwenda kuzika kanisani upande wa pili hata mto ukiwa umejaa, na mafuriko makubwa ya mwaka 1829 yakaling'oa pembeni. Siku ya mashindano kunakuwa na maandamano na zumari za Kiskoti, kijiji kizima kinatoka.

Sheria zake zikoje?

Kuna makundi mawili. La asili ni gumu kwasababu ya urahisi wake: chenga au unga wa oti, maji, chumvi, hakuna kingine, na zile oti bapa hazikubaliki. La pili ni la ubunifu, oti lazima iwe ndo kiungo kikuu, mengine unajua mwenyewe, tamu au ya chumvi. Muda ni dakika 30. Majaji wanaangalia uzito wa uji, ladha, rangi, na wanakuangalia pia usafi wako wakati unapika.

Ukifikiria vizuri hilo kundi la kwanza ndo linakuonyesha kazi ya spatoli. Viungo ni vitatu na kila mtu anavyo, kwahiyo kinachomtofautisha mshindi ni uteuzi wa chenga, moto, muda, na mkono unaokoroga.

Na ile tarehe 10 mwezi wa 10?

Ni Siku ya Uji Duniani, inaendeshwa na Mary's Meals, shirika la Kiskoti linalowapa watoto chakula shuleni. Hili linatugusa moja kwa moja kwa sababu kazi hiyo ilianzia Malawi mwaka 2002, mwanzilishi wake ni Magnus MacFarlane-Barrow, na uji unaopikwa huko ni ule wa mahindi na soya, likuni phala, unakorogwa kwenye masufuria makubwa na akina mama wa kijijini wanaojitolea. Siku hizi wanafanya pia Kenya, Zambia na nchi nyingine, na watoto wanaokula ni zaidi ya milioni 2. Kwahiyo siku hiyo Waskoti wanakula uji wao wa oti na kuchangia uji wa mtoto mwingine, jambo ambalo mimi naliona ni zuri sana.

## Kununua na kuchongesha

Mbao gani ni nzuri?

Huko wanatumia sana biichi, sikamore, mepo, mcheri na mjozi. Sifa unazotafuta ni tatu: mti mgumu, nyuzi zilizoshikana zikinyooka toka juu mpaka chini, na usiwe na harufu wala ladha. Biichi na sikamore ndo za kazi haswa, hazipendezi kama mjozi lakini hazitii kitu kwenye chakula.

Nitajuaje ya kazi na ya mapambo?

Maduka ya watalii yamejaa za mapambo. Ipitishe kidole chote: kama imepakwa vanishi nene inayong'aa kama kioo iache, joto na maji vitaimenya na vitaingia kwenye uji. Inuse: ikinuka rangi au gundi iache. Angalia nyuzi: zikikata kwa upande katikati ya mti, hapo hapo ndo itakapovunjika. Na ile mbaruti ya juu iwe imechongwa kwenye mti huo huo, sio kipande kilichobandikwa.

Urefu unategemea sufuria yako. Ukiisimamisha ndani, ibaki juu ya ukingo angalau upana wa kiganja, la sivyo mvuke utakuunguza vidole.

Mbona nimeona zinauzwa spatoli bapa, seti nzima?

Hizo zinauzwa sana Marekani kwa jina hilo hilo, ni vipande bapa vya mbao vya kukaangia na kugeuzia. Vifaa vizuri tu, na kwa historia (rudi kwenye swali la ilianza lini) sio kwamba wamekosea jina. Ila kwa uji hazifai zaidi ya mwiko ulio nao tayari. Ukiagiza angalia picha, iwe ya mviringo.

Siko Uskoti, fundi wa mtaani anaweza kunichongea?

Anaweza, na ndo ushauri wangu kwa walio nyumbani, usilipe mzigo wa ndege kwa ajili ya mti. Nenda kwa anayechonga miiko na upawa, sio fundi wa vitanda, kwasababu wa miiko anajua mti upi hauchachushi chakula. Ukipata mzeituni mwitu ni safi sana, mgumu na umeshikana. Epuka msonobari, una utomvu na harufu yake haiishi, na epuka mabaki ya mbao za ujenzi maana nyingi zimewekwa dawa ya wadudu.

Mwambie: sentimita 30, unene kama kidole gumba, uwe mwembamba kidogo katikati, ncha iwe butu kama yai, asipake chochote. Akiwa na kerezo ni kazi ya dakika chache, akiwa na kisu na msasa pia inatoka. Ikifika nyumbani ilowanishe, iache ikauke, nyuzi zitasimama na itakuwa na manyoya, piga msasa laini, rudia mara nyingine, alafu ipake mafuta kama kwenye swali la kutunza.

## Kutunza

Naisafishaje?

Maji ya moto, sabuni kidogo, mara tu baada ya kumimina uji, alafu isimamishe kwenye kopo au glasi ikauke pande zote. Usiiloweke. Usiiache ndani ya sufuria ya uji uliopoa, uji wa oti ukikauka kwenye mti ni saruji. Na mashine ya kuoshea vyombo hapana, yale maji na joto vya muda mrefu vinaipasua.

Mafuta gani?

Yale ya madini yanayouzwa kwa ajili ya mbao za kukatia, au nta ya nyuki iliyochanganywa nayo. Ipashe joto kidogo mkononi, paka, acha usiku, futa. Fanya hivyo kila ukiona imekuwa nyeupe na kavu. Mafuta ya kupikia ya kawaida baada ya muda yanachacha na mti unaanza kunuka.

Imebadilika rangi, ni mbovu?

Hapana, rangi inakolea kwa matumizi na inapendeza. Mbovu ni yenye vidoa vyeusi vya ukungu visivyotoka kwa msasa, au yenye ufa. Kwenye ufa chakula kinajificha na hapo huwezi kusafisha tena.

## Maswali ya pembeni

Natumia mkono wa kushoto, inakuwaje?

Koroga na wa kushoto, uji utaiva. Ukitaka kushika mila endelea kufuata mwelekeo wa saa, ni mkono tu umebadilika. Ile hatua ya kudondosha chenga igeuze, mkono wa kulia ndo udondoshe.

Inafaa kwa uji wa ulezi au wa mahindi?

Inafaa vizuri sana, mimi ndo naitumia. Ila kumbuka huu ni unga laini, sio chenga, kwahiyo ule mtindo wa kudondosha unga mkavu kwenye maji yanayotokota usiujaribu hapa. Koroga unga na maji baridi kwanza kama kawaida yetu, mimina kwenye maji ya moto, na kuanzia hapo spatoli ichukue kazi mpaka uive. Uji wa kuchachusha pia sawa, ila ioshe vizuri, mti unabeba ule uchachu.

Na ugali?

Usiusongee. Itavunjika au itakuumiza kiganja, na ugali wenyewe hautageuka. Mwanzoni ukiwa bado uji sawa, ukianza kuongeza unga shika mwiko.

Sufuria yangu ina ule utando wa kutoshika, itakwaruza?

Mti haukwaruzi, na kwa sufuria hizo ni salama kuliko kijiko cha chuma. Hakikisha tu ncha haina kibanzi.

Nyumbani kuna mtu asiyeruhusiwa gluteni (ile protini ya kwenye ngano), tunashea spatoli?

Mnunulie yake. Mti una vitundu na unashika mabaki, ukishakorogea sosi ya ngano huwezi kuwa na uhakika nao tena. Alafu angalia na oti zenyewe, mara nyingi zinasagwa kwenye vinu vinavyosaga ngano, chukua zilizoandikwa wazi kwamba hazina gluteni. Wapo wachache ambao hata oti safi inawadhuru, kwa hao muulizeni daktari kwanza.

Ni kweli walikuwa wanahifadhi uji kwenye droo?

Ndivyo inavyosimuliwa: uji uliobaki unamiminwa kwenye droo ya kabati, unaganda, unakatwa vipande, mtu anaenda navyo shambani. Uji wa Kiskoti uliopikwa sawasawa ukipoa unaganda kweli na kisu kinapita, jaribu na bakuli, na kipande chake ukikikaanga na siagi kidogo ni kifungua kinywa kizuri cha kesho yake.

Imevunjika, naweza kuunga na gundi?

Usiunge. Gundi, joto na chakula havikai pamoja. Kama imevunjika karibu na juu na kilichobaki bado kinazidi urefu wa sufuria yako ndogo, piga msasa pale palipovunjika mpaka pawe butu na uendelee nayo kwa sosi na uji wa mtoto. Kama imevunjika katikati, mpelekee fundi vipande vyote viwili awe na kipimo cha kuchongea nyingine.